Nilishika Testa Nikiwa na Miaka 43

Maneno ya Mwanachama Na. 9 siku ya kilele cha maadhimisho ya miaka kumi ya kikundi. Katibu aliyanasa kwenye simu na kuyaandika. Msemaji mwenyewe aliyapitia kabla ya kuchapwa.

 

Awali ya yote namshukuru Mungu kwa kutufikisha siku ya leo tukiwa hai, na sanduku letu likiwa na kufuli zake zote tatu. Mwenyekiti aliponiomba niseme machache juu ya mafanikio yangu nilimjibu, mama, mafanikio nitayataja, lakini na deni nitalitaja. Akasema taja yote, kijitabu kitasomwa na wajukuu. Basi nami nataja yote.

Wengi wenu hapa Muheza mnaniita Mama Umeme. Wale wa mwaka 2015, tulioanza wote chini ya mwembe kwa hisa ya sh. 2,000/=, mnakumbuka jina langu lilikuwa Mama Wali. Nilikuwa na banda la mbao pale karibu na stendi, nauza chai na maandazi asubuhi, wali na maharage mchana. Kazi hiyo niliifanya miaka kumi na moja. Sikuwa na wazo lolote la ufundi. Taa ikiungua nyumbani nilimngoja baba watoto arudi, hata kama ni siku tatu.

Mwaka 2017 nilichukua mkopo hapa kikundini, sh. 600,000/=, nikanunua friji ya kuweka soda na maji. Umeme nikavutiwa kutoka duka la jirani. Aliyenivutia alikuwa kijana mmoja mchangamfu, anajulikana stendi nzima, bei yake nusu ya mafundi wengine. Leseni sikumwuliza. Kwa kweli sikujua kwamba fundi umeme anatakiwa kuwa na leseni. Watu kama hao tunawaita vishoka, nanyi nyote mnawajua, na naomba tusidanganyane, wengi wetu bado tunawatumia.

Sasa, kila nilipochemsha maji kwa birika la umeme huku friji inafanya kazi, fyuzi ilikatika. Nikamwita. Akaja, akaitoa fyuzi, akaweka kipande cha waya mnene mahali pake. Akaniambia, "Mama, sasa haitakusumbua tena." Na kweli haikunisumbua tena.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, saa tisa alasiri. Nilikuwa nimetoka kwenda kununua nyanya. Narudi nakuta watu wanamwaga mchanga. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia, ila banda lilikwisha, friji ilikwisha, na masufuria yaliyobaki yalikuwa hayana mishikio. Deni langu hapa lilikuwa limebaki sh. 280,000/=.

Kanuni yetu mnaijua. Mwanachama akishindwa, wadhamini wanalipa. Wangu walikuwa wawili, kila mmoja akatoa sh. 140,000/=. Mmoja alikuwa bibi yetu, ambaye sasa ni marehemu, Mungu amweke pema. Alilipa siku ile ile, akanishika mkono, akasema pole mwanangu. Wa pili alikuwa rafiki yangu. Alilipa pia. Lakini fedha ile alikuwa ameiweka kwa ajili ya sare na ada ya mwanawe aliyekuwa anaingia kidato cha kwanza, na mtoto yule alichelewa kuanza shule. Tangu siku hiyo rafiki yangu hakunisalimia. Simlaumu. Nitarudi kwake baadaye.

Wiki moja baada ya moto alikuja mzee mmoja fundi umeme, mtu wa siku nyingi, kuangalia mita ya duka la jirani. Akaingia kwenye majivu yangu, akaokota kipande cha waya, akauliza, "Mama, hapa ulikuwa unatumia nini na nini?" Nikamwambia birika, jiko dogo la kupashia na friji. Akachukua kipande cha boksi na kalamu. Birika wati 2,000. Jiko wati 1,500. Friji tuseme 150. Jumla 3,650. Gawanya kwa volti 230 unapata karibu ampea 16. "Na waya huu," akasema, "ni waya wa kuning'inizia taa. Uwezo wake ni ampea 6."

Nikamwambia, basi nilizidisha kama mara mbili na nusu hivi. Akatikisa kichwa. Akasema joto la waya halihesabiwi hivyo. Umeme ukizidi mara mbili, joto linazidi mara nne. Ukizidi mara tatu, joto mara tisa. Kwangu mimi joto lilikuwa kama mara saba ya lile waya ule ulilotengenezwa kulibeba, na fyuzi, ambayo ndiyo kazi yake kukatika kabla waya haujaungua, ilikuwa imeondolewa.

Nilikitazama kile kipande cha boksi kwa muda mrefu. Nikamwuliza mzee, hesabu hii ndiyo ufundi wenyewe? Akasema, nusu yake. Nami nikawaza, hesabu ya kujumlisha na kugawanya nimeifanya hapa kikundini kila wiki kwa karibu miaka mitatu. Kumbe kilichoniunguzia banda ni hesabu ya darasa la saba ambayo hakuna aliyeifanya!

Hilo ndilo lililonipeleka kwenye umeme. Watu wakiniuliza huwa wanategemea niseme nilikuwa na ndoto tangu utotoni. La hasha. Nilikuwa na hasira.

Nyumbani hapakuwa rahisi. Baba watoto alisema, "Utapigwa shoti utuachie watoto." Shangazi yake akasema mengine ambayo katibu hatayaandika. Mimi nilikuwa na miaka 42, watoto wanne, mmoja ananyonya maziwa ya kopo kwa sababu mama yake ni mdogo wangu na alikuwa anaumwa. Nikaenda kuuliza VETA Tanga mjini. Nikaambiwa kuna kozi fupi ya ufungaji umeme majumbani, na kwamba umri hauzuii. Yule bwana wa mapokezi alidhani nimekuja kumwandikisha mtoto. Aliniuliza, "Kijana mwenyewe yuko wapi?"

Ndipo nikaja kwenu, mkutano wa Januari 2018. Ada, nauli na vifaa vya kuanzia vilikuwa sh. 450,000/=. Mkopo wetu wakati ule, na hata sasa, ni wa miezi mitatu, na marejesho yanaanza mwezi ule ule. Nikasimama nikaomba miezi tisa, na marejesho yaanze mwezi wa nne. Mnaokumbuka mnacheka. Siku ile hamkucheka. Mmoja alisema, "Ameunguza za kwanza, sasa anataka za kuunguzia vizuri." Rafiki yangu alisimama akasema maneno manne tu: "Mtoto wangu alichelewa shule." Akakaa.

Kura zilipigwa. Kumi na nne walikubali, kumi na mmoja walikataa. Yeye alikataa, na alikuwa na haki ya kukataa. Bibi yetu alikubali kunidhamini mara ya pili, na mdhamini mwingine alikuwa Mwenyekiti mwenyewe. Kama kura mbili zingehamia upande wa pili, leo ningekuwa bado natafuta banda.

Masomo yenyewe. Niliamka saa tisa usiku, nikakaanga maandazi, binti yangu akayapeleka madukani kabla ya shule, nami saa kumi na mbili nipo kwenye gari la Tanga. Darasani tulikuwa ishirini na wawili, wengi wao umri wa wanangu. Asubuhi walinipa shikamoo darasa zima, mpaka mwalimu akasema sasa inatosha, tutapoteza dakika kumi kila siku. Kalamu niliishika kwa shida wiki mbili za mwanzo. Lakini niliyoyajua maishani yalinisaidia. Mwalimu alipoeleza kwamba umeme unatoka kwa waya wa laivu, unafanya kazi, unarudi kwa waya wa nyutro, na ukikosa njia ya kurudi haufanyi kazi, vijana walikuwa wanakariri. Mimi nilikuwa nafikiria marejesho.

Kilichonishinda kilikuwa macho. Katika sakiti breka mna maandishi madogo mno, B16, C20, na kwenye waya pia kuna namba zilizochapwa. Nilikuwa siyaoni. Nilidhani ni ugumu wa kichwa, kumbe ni umri tu. Nikanunua miwani ya kusomea pale sokoni, sh. 5,000/=, na siku ile nikajiona nimepata akili mpya. Mwenzangu yeyote wa miaka arobaini na kitu anayetaka kujifunza fani ya mikono, anunue miwani kabla ya kununua koleo.

Baada ya kozi nilidhani mimi ni fundi. Sikuwa. Miezi mitatu inakufundisha kuogopa umeme kwa akili badala ya kuuogopa kijinga, basi. Kazi nilijifunza kwa kijana mmoja wa hapa hapa wilayani, mwenye leseni, umri wake miaka 26. Nilimfuata nikamwomba niwe saidia fundi wake. Alikubali, lakini mambo yakawa ya ajabu. Kila asubuhi ananipa shikamoo. Halafu anaona aibu kunituma. Anataka ngazi, anaifuata mwenyewe. Nikikosea kufunga soketi hanigombezi, anangoja niondoke anaifunga upya. Mwezi mzima ukapita, nimelipwa posho ya chakula, na sijajifunza kitu.

Nikamweka chini. Nikamwambia, mwanangu, shikamoo yako tuiweke nje ya geti. Tukiingia kazini wewe ni fundi, mimi ni saidia fundi. Ukiona nimekosea sema palepale. Akasema, "Mama, nitaanzaje kukukaripia?" Nikamwambia anza na hii soketi, maana najua nimeigeuza laivu na nyutro. Akacheka, na toka siku hiyo akawa mwalimu hasa. Mkali! Kuna siku alinifungulisha boksi moja mara nne.

Nakaa hapa kidogo kwa sababu naona hili ndilo linalowashinda wenzangu wengi. Tunasema umri umekwenda, tunasema mikono imekuwa mizito. Hapana. Uzito ni kubeba ngazi ya kijana uliyemzidi miaka kumi na saba, barabarani, mchana, na watu waliokuwa wanakula wali wako wanakutazama. Mimi nilivaa suruali na juu yake kanga, nikifika kwenye nyumba ya kazi naivua kanga naitundika mlangoni. Mpaka leo watu wakiiona kanga mlangoni wanajua Mama Umeme yumo ndani.

Niliwahi kupigwa. Ilikuwa 2019, nyumba ya zamani kidogo. Nilizima swichi ya taa, taa ikazimika, nikapanda ngazi kubadili holda. Nikarushwa, nikaanguka kutoka kipandio cha pili, nikaumia nyonga. Fundi wangu akafungua swichi akanionyesha: aliyefunga mwanzo aliweka swichi kwenye nyutro badala ya laivu. Taa inazimika vizuri kabisa, lakini umeme bado umekaa kwenye holda unakungoja. Nyumba za namna hiyo ni nyingi. Nililala siku nane. Baba watoto hakusema "nilikwambia". Alininunulia testa bora na viatu vya soli nene ya mpira. Nadhani ndiyo siku aliyokubali.

Tangu hapo nazima kwenye meni swichi, halafu napima kwa testa, na testa yenyewe naijaribu kwanza mahali penye umeme nione kama ni nzima. Rangi ya waya siiamini. Nyumba za zamani laivu ni nyekundu na nyutro ni nyeusi. Nyaya za siku hizi laivu ni kahawia, nyutro ni bluu, na wa ethi, yaani wa kupeleka umeme ardhini, ni kijani chenye mstari wa njano. Katika nyumba iliyoongezwa chumba baada ya chumba utakuta rangi zote hizo zimeolewa pamoja.

Kwa upande wa kazi, wakati wangu ulikuwa mzuri, na hili si la akili yangu. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007, na kufikia miaka hiyo nguzo zilikuwa zinaingia vijiji vyetu kimoja baada ya kingine. Mwananchi wa kijijini aliunganishwa kwa sh. 27,000/=. Lakini mnajua, fedha ile ni ya kuletewa umeme mpaka nyumbani. Kusuka nyaya ndani ya nyumba ni juu ya mwenye nyumba. Kwa wasio na uwezo kipo kile kifaa cha UMETA, Umeme Tayari, kinachofungwa ukutani kikiwa na soketi na taa yake. Wengine wote wanahitaji fundi. Na machungwa yakishauzwa vizuri, kila mtu anataka taa.

Hapo nikagundua jambo. Mchana nyumbani yupo nani? Mama. Mume yuko shambani, au Dar es Salaam, au hayupo kabisa. Kijana wa kiume akipiga hodi eti amekuja kupima vyumba, mama anasita, na majirani wanahesabu dakika. Mimi naingia mpaka chumbani, nakaribishwa na chai. Halafu namwuliza swali ambalo mafundi wengi hawaulizi: unapikia wapi, na unapigia pasi wapi? Nimekuta majumba mazuri, sebuleni soketi sita, jikoni moja, nayo iko juu ya sinki. Aliyepanga hajawahi kupika. Kwa hiyo mama anavuta eksitensheni, anaunganisha birika, jiko na blenda mahali pamoja, na hapo ndipo hesabu ya yule mzee inapoanza.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Wengi wetu tulioingia ufundini ukubwani tunakuwa na mikono lakini hatuna cheti cha maana. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa: wanakuja kukuangalia unavyofanya kazi, wanakufanyia mtihani, wakiona mapungufu wanakufundisha hayo tu, halafu wanakupa cheti. Mimi nilipita huko mwaka 2021. Leseni ya kufunga umeme inatolewa na EWURA, nayo ina madaraja. Unaanza na dogo. Yangu niliipata mwaka 2022, miaka mitano toka banda liungue. Fomu ya kwanza niliyoweka mhuri wangu mwenyewe kwa ajili ya mteja anayeomba umeme TANESCO niliipiga picha, nikamtumia yule kijana fundi wangu. Akajibu, "Shikamoo fundi."

Mtaniuliza fedha. Nyumba ya vyumba vitatu na sebule, kwa ufundi peke yake bila vifaa, napata kati ya sh. 150,000/= na sh. 250,000/=. Kuna mwezi napata nyumba nne. Kuna mwezi, hasa wa Januari watu wakilipa ada, sipati hata moja, narudi kwenye maandazi. Msinione na ngazi ya alumini mkadhani nimetajirika. Mwanangu wa pili amemaliza chuo, nyumba yangu ina bati jipya, na hisa zangu sijachelewesha toka 2019. Ule mkopo wa miezi tisa niliumaliza kwa miezi kumi na moja, na faini niliilipa.

Sasa narudi kwa rafiki yangu. Kwa mujibu wa kanuni, wadhamini wakishalipa kikundi hakidai tena. Linabaki kati yenu. Bibi yetu nilimrudishia mwaka 2020, akachukua sh. 100,000/=, arobaini akaniachia ninunue bisibisi. Rafiki yangu nilimpelekea mwaka 2021, sh. 140,000/= zote. Hakutoka nje. Nikamkabidhi katibu, katibu akampa, akapokea. Tangu hapo tunasalimiana. Salamu tu. Miaka minne mtoto wake alichelewa na mimi nilikuwa najifunza, na fedha ile iliporudi haikuwa na thamani ile ile. Hilo halimo kwenye daftari letu lolote, lakini ni deni.

Ndiyo maana nina ombi kwa mkutano mkuu ujao, na nimekwisha kulipeleka kwa maandishi. Kikundi kitenge fungu la mkopo wa mafunzo. Miezi kumi na miwili, marejesho yaanze mwezi wa nne au wa tano, na udhamini wake utoke mfuko wa jamii, usitoke mfukoni mwa mwanachama mmoja. Mkopo wa miezi mitatu unamfaa muuza nyanya. Nyanya inauzwa leo. Anayejifunza fani hana cha kuuza mpaka mwaka uishe, na wakati huo anakula, watoto wanakula, na mdhamini wake halali. Najua mtunza hazina ana wasiwasi nao, ameniambia, na wasiwasi wake una msingi: mwanafunzi akiacha njiani nani atalipa? Nimependekeza fedha zitolewe kwa awamu, ada ilipwe moja kwa moja chuoni, na vifaa vinunuliwe na kikundi, vibaki mali ya kikundi mpaka deni liishe. Koleo halioti moto kirahisi kama friji. Tujadiliane. Wako watatu hapa ambao wamenifuata: mmoja ana miaka 38 anataka ufundi wa pikipiki, mmoja 45 anataka umeme, mmoja 51 hataki nitaje anachotaka, anasema mtamcheka.

Huyo wa 45 ameanza kutembea nami siku za Jumamosi. Nimemnunulia miwani.

Kabla sijakaa, wale wanaoendelea kuwaita vishoka, niwaombe vitu viwili. Mwulizeni leseni, haoni aibu mwenye nayo. Na sakiti breka ikikatika msimruhusu mtu yeyote aweke kubwa zaidi mpaka apime waya. Breka iko pale kuulinda waya, wewe haikujui. Anayekulinda wewe ni ile yenye kitufe cha kujaribia, iliyoandikwa 30mA, ambayo inakata umeme ukianza kuvuja. Bonyezeni kile kitufe mara kwa mara. Isipokata, niiteni.

Na la mwisho ni lako, ndugu yangu, umekaa pale safu ya tatu, sitakutaja. Mwezi uliopita tulikuja kwako kwenye hitima ya mama. Niliingia jikoni kuosha vikombe. Ile soketi iliyo nyuma ya jiko imekuwa nyeusi upande wa kulia, na eksitensheni yake ukiigusa ina joto hata jiko likiwa limezimwa, maana friji iko hapo hapo. Nilitaka kusema siku ile, nikaona si mahali pake. Usiitumie tena kwa birika. Waya wa milimita 2.5 ninao, soketi mbili ninazo, kazi ni ya nusu siku. Nitakuja Jumatatu saa tatu na ngazi. Kama hutaki niingie, nitamtuma yule kijana, naye hana deni nawe.